Robert Smalls: alipita mbele ya mizinga, akaja kubanwa na ramani



Wengi wetu tukitaja watu weusi wa Marekani waliopigania haki tunaanzia kwa Martin Luther King na Malcolm X, halafu tunarukia moja kwa moja kwa Obama. Leo naomba niwarudishe nyuma zaidi, kwa mzee mmoja anaitwa Robert Smalls. Alizaliwa mtumwa mwaka 1839, akafa mwaka 1915, na katikati hapo alikaa kwenye Bunge la Wawakilishi la Marekani katika mabunge matano tofauti.

Ukitafuta jina lake kwenye intaneti, karibu kila ukurasa utakupa kisa cha meli aliyoondoka nayo usiku. Kisa hicho ni kitamu na nitakisimulia. Ila mimi kilichonikalisha mbele ya kompyuta mpaka muda wa kafe ukaisha nikaongeza mwingine ni habari ya jimbo lake la uchaguzi. Hiyo watu wanaipita haraka, na ndiyo inayotuhusu sisi wote tunaopiga kura.

Kabla sijaenda mbali tuwekane sawa. Nikisema jimbo hapa nina maana ya jimbo la uchaguzi, lile linalotoa mbunge mmoja. South Carolina yenyewe, ambayo na sisi huwa tunaiita jimbo la Marekani, nitaitaja kwa jina lake ili tusichanganyane.

Haya, tuanze.

Smalls alizaliwa katika mji mdogo wa pwani unaoitwa Beaufort, South Carolina. Mama yake, Lydia, alikuwa mtumwa wa ndani katika nyumba ya familia ya McKee. Pwani ile ilikuwa ya mashamba ya mpunga na pamba, na watumwa walikuwa wengi kuliko mabwana kwa mbali sana. Kumbukeni hilo la wingi, maana ndilo litakalokuja kuleta mambo yote huko mbele.

Alipofika miaka 12 akapelekwa Charleston, mji mkubwa wa bandari, kufanya kazi za kukodishwa. Yaani wewe ndiye unayetoka jasho, mshahara unakwenda kwa bwana wako, wewe unaachiwa dola moja kwa wiki. Alikuwa mhudumu hotelini, akawasha taa za barabarani, akawa kuli bandarini, akajifunza kushona matanga, mwisho akaingia melini na kuwa mtu wa usukani. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya rubani wa meli kabisa, ila cheo cha rubani mtu mweusi hapewi.

Mwaka 1856 akamuoa Hannah Jones, naye mtumwa aliyekuwa akifanya usafi hotelini. Wakapata mtoto wa kike. Kwa sheria za wakati ule mke na mtoto ni mali ya mtu mwingine, wanaweza kuuzwa kesho asubuhi na hakuna wa kumuuliza. Smalls akataka awanunue yeye mwenyewe. Bei ilikuwa dola 800. Mfukoni alikuwa na dola 100.

Vita kati ya Kaskazini na Kusini ikaanza Aprili 1861, tena ikaanzia hapo hapo Charleston. Novemba mwaka huo huo wanamaji wa Kaskazini wakaiteka Beaufort, kwao Smalls, halafu meli zao zikakaa nje ya bandari ya Charleston kuziba njia. Smalls yeye alikuwa kwenye meli ya Planter, iliyokuwa ikibeba silaha na askari wa Kusini. Kila siku anaziona kwa mbali meli za watu ambao akiwafikia tu yuko huru. Katikati kuna ngome zenye mizinga.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862 maofisa watatu wazungu wa Planter wakashuka kwenda kulala mjini. Walikuwa hawaruhusiwi kuiacha meli, lakini walishazoea. Smalls na wenzake walikuwa wameshapanga. Kwenye saa tisa usiku wakawasha mashine, wakapeperusha bendera ya Kusini kama kawaida, wakapita gati nyingine kuchukua wake na watoto. Smalls akavaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama pale nahodha anaposimama kila siku. Kila ngome waliyoipita alipiga honi ya ishara inayotakiwa, kwa sababu alizijua zote. Ngome ya Fort Sumter wakaipita kukiwa kunakaribia kupambazuka, na walinzi wakaona ni Planter tu inakwenda kazini.

Walipotoka nje ya masafa ya mizinga wakashusha bendera, wakapandisha shuka jeupe. Meli ya Kaskazini ya Onward ilikuwa karibu kuwafyatulia ilipoliona lile shuka. Watu kama 16 wakawa huru asubuhi ile, wakiwemo Hannah na watoto. Pamoja nao ikaingia mizinga na kitabu cha ishara za siri za Kusini. Smalls alikuwa na miaka 23.

Serikali ikampa dola 1,500 kama fungu lake la thamani ya meli. Agosti mwaka huo akaenda Washington, akaonana na waziri wa vita Edwin Stanton, na akarudi na ruhusa ya kuandikisha askari weusi kule pwani. Yeye mwenyewe akaendelea na vita kama rubani. Aprili 1863 alikuwa kwenye meli ya chuma ya Keokuk iliyopigwa risasi za mizinga zaidi ya 90 mbele ya Fort Sumter, ikazama kesho yake. Desemba mwaka huo nahodha wa Planter alipotishika chini ya mashambulizi na kwenda kujificha kwenye stoo ya makaa ya mawe, Smalls akashika usukani na kuitoa meli salama. Hapo akapewa unahodha.

Mwaka 1864 meli ilipokuwa ikitengenezwa Philadelphia, akatumia muda huo kujifunza kusoma na kuandika vizuri. Alikuwa mtu mzima wa miaka 25. Kwenye mji huo huo aliteremshwa kwenye gari la abiria kwa sababu ya rangi yake. Na kule Beaufort, nyumba ya McKee ilipouzwa kwa mnada wa kodi, mnunuzi alikuwa Smalls. Alizaliwa mtumwa nyuma ya nyumba ile, akaja kuimiliki.

Sasa tuje kwenye siasa.

Baada ya vita, watu weusi wanaume wakapata haki ya kupiga kura. South Carolina haikuwa sehemu ambayo weusi ni kikundi kidogo. Sensa ya mwaka 1880 ilihesabu watu 995,577, na kati yao weusi walikuwa 604,332. Hiyo ni zaidi ya watu 60 kwa kila 100. Smalls akaingia kwenye mkutano wa katiba wa 1868 na kupigania shule za serikali, za bure, ambazo kila mtoto atalazimika kwenda. Kisha akawa mbunge wa South Carolina, akawa seneta huko huko, na mwaka 1874 akachaguliwa kwenda Washington.

Msishangae kusikia alikuwa wa chama cha Republican. Wakati ule hicho kilikuwa chama cha Lincoln na cha watu weusi, na Democrat ndicho kilikuwa chama cha wazungu wa Kusini waliotaka mambo yarudi zamani.

Hao jamaa walianza na nguvu. Kuanzia mwaka 1876 kulikuwa na vikundi vya wapanda farasi wenye mashati mekundu, wanaingia kwenye mikutano ya Republican na bunduki. Mwaka 1877 majeshi ya serikali kuu yakaacha kuilinda serikali ya Republican ya South Carolina, na Democrat wakaishika. Mwaka huo huo Smalls akashtakiwa kwamba alipokuwa seneta alipokea rushwa ya dola 5,000 kwenye mkataba wa uchapaji, akahukumiwa miaka mitatu. Shahidi mkuu alikuwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa ametoroka na tuhuma zake. Smalls alikata rufaa, na mwaka 1879 gavana akamsamehe katika makubaliano yaliyofuta pia kesi za uchaguzi za watu wa Democrat. Kila mtu atapima mwenyewe. Mimi naona kesi iliyomalizwa kwa kubadilishana namna hiyo ilikuwa na siasa nyingi kuliko haki.

Mwaka 1878 akashindwa na George Tillman. Mwaka 1880 Tillman akatangazwa tena mshindi, Smalls akapeleka malalamiko Kongresi, na Julai 1882 Kongresi ikampa Smalls kiti chake. Mnaona? Vitisho na kuiba kura vilikuwa vinaacha ushahidi, na ushahidi ukifika Washington unaweza kukugeukia. Ikabidi watafute njia safi zaidi, njia ya karatasi.

Mwaka huo huo wa 1882 wakapata njia mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ni sheria ya uchaguzi. Kila mpiga kura ajiandikishe upya, na akihama lazima ashughulikie tena cheti chake. Kwa watu waliokuwa wakihama shamba hadi shamba kutafuta kazi, hilo peke yake lilikuwa ni kuwafuta. Halafu kila nafasi inayogombewa ikawekewa sanduku lake, ndiyo maana ikaitwa sheria ya masanduku manane. Kura ikiingia sanduku lisilo lake haihesabiwi. Asiyejua kusoma atajuaje? Na hata akielekezwa na mwenzake aliyetangulia, masanduku yanaweza kubadilishwa nafasi. Sheria haikutaja rangi ya mtu popote.

Ya pili ni ramani. Baada ya sensa ya 1880 South Carolina iliongezewa viti, kutoka wabunge watano hadi saba, kwa hiyo ilibidi mipaka ichorwe upya. Wachoraji walikuwa Democrat wenyewe. Wakachora jimbo la saba ambalo watu wa wakati ule walilifananisha na chatu. Lilishika Georgetown kwenye pwani ya kaskazini, likateremka hadi Beaufort kusini, na mkono mwingine ukapenya bara kuelekea Columbia. Liliparua kaunti vipande vipande, likichukua kijiji hiki na kuruka kile. Ukiliangalia kwenye ramani huoni mto wala mlima unaoeleza kona zile. Kinachozieleza ni rangi ya watu wanaoishi pale. Walikusanya weusi wengi kadiri walivyoweza na kuwafungia humo.

Wamarekani wana jina la mchezo huu, jerimanda. Jina lilianza mwaka 1812 kwa gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts, ambaye aliidhinisha jimbo lenye umbo la mjusi, watu wakaunganisha jina lake na la mnyama huyo.

Naomba niwape mfano wangu wa maharage, maana mimi mwenyewe sielewi hesabu mpaka niipange mezani. Chukua maharage meusi 42 na meupe 28. Jumla 70, na meusi ni 60 katika kila 100, kama South Carolina ilivyokuwa. Una vikombe saba, na kila kikombe kinatoa mbunge mmoja wa rangi iliyozidi. Kwa haki meusi yangepata vikombe vinne hivi.

Sasa jaza kikombe cha saba kwa maharage meusi kumi matupu. Yamebaki meusi 32 na meupe 28 kwa vikombe sita. Bado meusi yamezidi, sivyo? Hapo ndipo sheria ya masanduku inapoingia. Ondoa meusi kumi, hawa ni wale waliokosa cheti au waliokosea sanduku. Yanabaki 22. Yatawanye: vikombe vinne tia meusi manne manne, viwili tia matatu matatu. Meupe nayo yagawe, matano matano kwenye vile vinne, manne manne kwenye vile viwili. Hesabu mwenyewe. Vikombe sita vyote vimekwenda kwa weupe. Waliokuwa wengi wamebaki na kikombe kimoja.

Ndiyo kilichotokea. Kati ya viti saba, weusi wakabakiwa na hicho kimoja cha kuotea matumaini. Na hata hicho, mwaka 1882 wenyewe kwa wenyewe ndani ya Republican waligombania uteuzi. Ndiyo tabia ya kuwekwa wengi ndani ya chumba kimoja, mnabaki kupigana viwiko. Smalls alikosa uteuzi mbele ya Edmund Mackey, mzungu wa Republican. Mackey akafariki Januari 1884, Smalls akashinda uchaguzi wa kujaza nafasi na kurudi Washington. Akachaguliwa tena mwaka huo huo wa 1884.

Hapa ndipo panaponiumiza kichwa. Smalls aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa mwakilishi halali wa watu wake. Bila chatu yule huenda South Carolina isingekuwa na mbunge mweusi hata mmoja miaka ile. Lakini kiti chake ndicho kilikuwa sababu ya sita vingine kuwa salama kwa wapinzani wake. Wangeulizwa kama weusi wamenyimwa uwakilishi, wangemnyooshea kidole yeye na kusema si huyo hapo.

Tena usalama wa kikombe kile cha saba ulikuwa wa mashaka. Mwaka 1886, katika jimbo lililojazwa weusi makusudi, aliyetangazwa mshindi ni William Elliott, mzungu wa Democrat. Masanduku yaliyofanya kazi kwenye majimbo sita sasa yalifanya kazi na hapa. Smalls akalalamika tena Kongresi, safari hii Democrat ndio wengi, malalamiko yakatupwa. Ubunge wake ukaishia Machi 1887.

Mwaka 1889 akateuliwa mkuu wa forodha bandari ya Beaufort, kazi aliyoifanya kwa vipindi viwili mpaka 1913. Lakini pambano lake la mwisho la siasa lilikuwa mwaka 1895, ulipoitishwa mkutano wa katiba mpya. Kiongozi wake alikuwa Ben Tillman, mdogo wake yule George. Weusi mle ndani walikuwa sita tu kati ya wajumbe 160, Smalls akiwemo. Walipojadili kupiga marufuku ndoa za weusi na wazungu, Smalls akapendekeza kwamba mzungu yeyote atakayekutwa anaishi na mwanamke mweusi azuiwe kushika madaraka. Ukumbi mzima ulijua alikuwa anagusa wapi.

Katiba ilipita hata hivyo, na masharti yake ya kodi ya kura na mtihani wa kusoma au kumiliki mali ya dola 300. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, aliyepigania shule kwa wote mwaka 1868, akashuhudia kusoma kukigeuzwa kuwa kufuli. Alikataa kuisaini.

Robert Smalls alifariki Februari 1915, katika nyumba ile ile ya McKee, na kaburi lake liko Beaufort kanisani Tabernacle.

Baada yake, weusi wengine wawili waliingia Kongresi kutoka South Carolina, Thomas Miller na George Murray. Mipaka ikachorwa upya kabla ya uchaguzi wa 1894, na Murray alipotoka Machi 1897 mlango ukafungwa. Aliyefuata ni Jim Clyburn, aliyeapishwa Januari 1993, baada ya jimbo la sita kuchorwa upya ili weusi wawe wengi humo. Hesabuni miaka hiyo wenyewe.

Na mchezo haujaisha. Baada ya sensa ya 2020, South Carolina ilichora upya jimbo la kwanza, ambalo ndani yake ndipo ilipo Beaufort ya Smalls. Wapiga kura weusi kama 30,000 wa eneo la Charleston wakahamishiwa jimbo la sita, lile lile la Clyburn. Januari 2023 majaji watatu wakasema hiyo ni ramani ya rangi. Mei 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ikatengua hukumu hiyo kwa kura sita dhidi ya tatu, kwa hoja kwamba haikuthibitishwa kuwa lengo lilikuwa rangi na si chama. Ukisoma habari za 1882 na za 2024 siku moja utajua kwa nini nimeandika haya.

Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani lilibadilisha jina la meli yake moja ya kivita. Ilikuwa inaitwa Chancellorsville, jina la vita ambayo Kusini walishinda mwaka 1863. Sasa inaitwa Robert Smalls. Heshima kubwa, sikatai, ila waliomnyima kiti hawakuwahi kubishia ushujaa wake wa melini. Walichokishughulikia ni mstari wa mpaka na sanduku la kura.

Kwa hiyo wadau, siku mkisikia tume yoyote popote inagawa majimbo, msisubiri siku ya kampeni. Ulizeni mapema nani anashika kalamu, na kona zile zinamfuata nani.

Sasa swali langu, na naomba tujibizane kwa hoja bila matusi. Ungekuwa wewe ni Smalls mwaka 1882, ungekubali kiti kimoja cha uhakika ili watu wako wawe na sauti walau moja, au ungekipinga kile kiti na kudai ramani nzima, hata kama ungebaki nje? Mimi bado sijaamua.

Naomba kuwasilisha.